Seli Zilizokataa Kufa

Harufu ndiyo iliyomshtua Tusajigwe kwanza. Ilikuwa harufu kali ya ozoni, kama ya mahali fundi anapochomelea vyuma, na ilitoka kwenye mlango wa chumba cha mionzi, mlango ambao kaka yake alikuwa ameingia muda mfupi uliopita.

"Lwitiko," alimwita mwendesha mitambo aliyekuwa kwenye paneli. "Vijiti viko wapi?"

"Chini, ndani ya maji." Lwitiko alimwonyesha taa ya kijani. "Nimevishusha mwenyewe."

"Mbona kunanuka?"

Lwitiko alinusa. Akaitazama tena ile taa ya kijani, kisha akafungua kamera ya ndani. Picha za kamera ile huwa na chengachenga kila vijiti vinapokuwa nje ya bwawa; vikishazama, hutulia. Sasa kioo kizima kilikuwa kinanyesha mvua nyeupe. Katikati ya mvua hiyo waliiona fremu ya vijiti vya kobalti ikining'inia juu ya maji, imekwama kiubavu. Kebo yake ilikuwa imelegea, na mtambo, kwa kuona kebo imelegea, ukadhani mzigo umefika chini.

Kwenye kona ya ujia wa zege, Ambakisye alikuwa amelala kifudifudi, mguu mmoja umepinda vibaya. Alikuwa anajivuta kwa viwiko. Kipima mionzi kilikuwa bado kinaning'inia shingoni mwake, na Tusajigwe alijua kilimsomea nini alipoingia: sifuri. Mionzi ikizidi mno, vipima vya aina ile hulemewa vikanyamaza. Kaka yake lazima aliinusa ile harufu akiwa amekwishafika ndani, akageuka kukimbia, akateleza.

Kituo cha Kifunda kilijengwa kwenye miteremko ya juu ya Tukuyu, na kazi yake ilikuwa kupitisha kwenye mionzi vifaa vya hospitali, viungo na mbegu, ili kuua vijidudu. Kila aliyeajiriwa pale alichomwa kwanza sindano ya Mshono, dawa iliyoingia kwenye seli na kuzifundisha kujitengeneza upesi pindi zinapopigwa na mionzi. Tusajigwe alichomwa. Lwitiko alichomwa. Ambakisye, msimamizi wa zamu, ndiye peke yake aliyekataa, na kwa kuwa alianza kazi kabla ya sheria hiyo, walimwacha.

Waliituma roboti ya uokozi. Iliingia kwa magurudumu yake, ikafika kwenye kona, ikasimama na kuzima taa zote. Ubongo wake ulikuwa umeungua.

"Ipandishe fremu kidogo halafu uiachie," Tusajigwe alimwambia Lwitiko. "Rudia mpaka ijinasue. Usiondoke kwenye paneli hata kidogo."

"Na wewe unaenda wapi?" Lwitiko alimtazama, akaelewa. "Tusa, Mshono haukutengenezwa kwa kiasi kile. Ulitengenezwa kwa mionzi ya bahati mbaya, kidogokidogo."

"Najua."

Hakuwa na uhakika na lolote. Aliingia akikimbia.

Kilichomtisha ni kwamba hapakuwa na kitu. Kama ungekuwa moto, angejua pa kukwepa. Kama ingekuwa gesi, angezuia pumzi. Pale ndani palikuwa na ukuta wa zege, taa za kawaida, boksi za glavu za upasuaji zilizopangwa vizuri, na ile harufu. Ngozi yake haikuhisi joto wala ubaridi. Hata hivyo alijua kwamba kila hatua anayopiga, mwili wake unapenywa kama chandarua, na kwamba mle ndani yake, mahali asipoweza kupagusa, vitu vinakatika.

Alimkamata Ambakisye kwenye ukosi wa ovaroli.

"Toka," kaka yake alisema. Midomo ilikuwa imemkauka. "Tusa, toka humu."

"Jisukume na mguu mzima."

"Nimekwambia toka."

Alimgeuza chali, akamvuta. Alikuwa mtu mzito. Zege la sakafu lilimchubua Ambakisye mgongo, akalia kwa sauti ambayo Tusajigwe hakuwahi kuisikia ikitoka kwa kaka yake. Walipokuwa wanapinda kona, nyuma yao kulisikika mshindo wa maji: Lwitiko alikuwa ameinasua fremu. Tusajigwe hakugeuka kutazama. Aliendelea kuvuta hata baada ya kuvuka mlango, mpaka Lwitiko alipomshika mikono na kumwambia inatosha.

Ambakisye alitapika kabla hajapandishwa kwenye gari la wagonjwa. Tusajigwe alikaa pembeni yake, akisubiri zamu yake ya kutapika.

Haikuja. Gari lilipokaribia Mbeya, alichohisi ni njaa.

*

Aliwekwa kwenye chumba cha kioo jirani na cha kaka yake, katika hospitali ambayo ghorofa yake ya juu ilitengwa kwa wagonjwa wa namna hiyo. Homa ilimpanda na kushuka. Alikula ndizi za kupika, maharage, mkate mzima, akaomba tena, na muuguzi aliyemletea sahani alianza kumtazama kwa wasiwasi. Hakuumwa kichwa. Nywele hazikumtoka. Kupitia kioo alimwona Ambakisye akitapika, akilala, akitapika tena, na akaona aibu ya kuwa mzima.

Siku moja Dk. Nakiete aliingia na kompyuta ndogo, akavuta kiti, akakaa karibu. Alikuwa mama wa Kipare, mtu mzima, mwenye sauti ya chini. Ndiye aliyewahudumia tangu walipofikishwa.

"Wenzako kituoni wanasema Mshono umekuokoa," alisema. "Mkurugenzi wenu amenipigia kuuliza lini unaweza kupigwa picha za matangazo."

"Na haujaniokoa?"

"Umekuzuia usife. Ngoja nikuonyeshe tofauti." Hakufungua kompyuta mara moja. "Unajua mionzi inafanya nini ndani ya seli?"

"Inakata DNA."

"Inakata. Lakini mara nyingi haiikati yenyewe. Seli ni maji zaidi ya kitu kingine chochote, kwa hiyo mionzi hukutana na maji kwanza, ikayapasua. Vipande vya maji yaliyopasuka ni vikali, vinashambulia chochote kilicho jirani, na DNA ikiwa jirani inashambuliwa. DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana. Ukikatika uzi mmoja, si neno. Seli inasoma ule wa pili na kuziba pengo. Hilo linatokea mwilini mwangu na mwako kila siku, hata tukikaa kivulini. Tatizo linaanza zinapokatika zote mbili mahali pamoja."

"Hapo hakuna pa kusoma."

"Seli ina njia mbili. Ikiwa imekwishajinakili, inatafuta nakala na kuiga. Ikiwa haijajinakili, inakamata ncha mbili zilizo karibu na kuziunganisha hivyo hivyo, kwa kubahatisha."

"Na kama ncha hizo si za mahali pamoja?"

"Kwa kawaida kuna mlinzi. Ni protini tu, lakini nakwambia mlinzi ili unielewe. Anaisimamisha seli, anaikagua, na akiona imeharibika mno anaiamuru ife. Ndiyo maana kaka yako anaumwa. Seli zake zimeharibika na zinatii amri. Zinakufa za uboho, mle ndani ya mifupa damu inakotengenezwa, zinakufa za utumbo." Daktari aliiweka kompyuta magotini. "Mshono unafanya mambo mawili. Unaharakisha kuunganisha. Na ili uunganishaji upate nafasi, unamnyamazisha mlinzi."

Kisha akafungua kompyuta.

Kwenye kioo kulikuwa na kromosomu zilizotiwa rangi, kila jozi rangi yake. Tusajigwe alikuwa amewahi kuona picha kama ile kwenye mafunzo: nyekundu mbili, kijani mbili, njano mbili, kila kitu na mwenzake. Hii haikuwa hivyo. Ya kijani ilikuwa na kichwa chekundu. Ya njano ilikuwa na mkia wa bluu, na katikati yake kipande cha zambarau. Moja ilikuwa imejikunja ncha kwa ncha ikawa pete.

"Ni za nani?" aliuliza, ingawa alijua.

"Zako. Ni seli moja ya uboho wako. Nimeangalia nyingi. Nyingi ziko namna hii."

"Na hiyo seli iko hai?"

"Iko hai. Inagawanyika vizuri kabisa." Dk. Nakiete alifunga kompyuta polepole. "Hilo ndilo linalonitisha."

Tusajigwe alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono ileile, yenye kovu la pasi kwenye kidole gumba. Alitamani kuivua kama glavu na kuiweka mbali.

"Itaanza lini?"

"Saratani? Siwezi kukwambia. Mwakani, au baada ya miaka. Lakini itaanza mahali, na ikianza tutataka kuipiga mionzi, nayo itajiunganisha. Unafahamu."

Alifahamu. Ikupa, mke wa Ambakisye, alikuwa miongoni mwa wafanyakazi wa mwanzo kuchomwa Mshono. Alipopata uvimbe kwenye titi, alipelekwa kwenye mashine ya mionzi, na kila alipopigwa, uvimbe ulisinyaa kwa siku kadhaa kisha ukarudi umejirekebisha. Tusajigwe alimuuguza wifi yake miezi ya mwisho. Alikuwa anamgeuza kitandani. Tangu hapo Ambakisye hakutaka kulisikia jina la Mshono.

"Kuna dawa," daktari alisema. "Tunaiita Kizimio. Inauzima Mshono moja kwa moja, mlinzi anarudi kazini, na seli zote zilizounganishwa vibaya zinapewa amri ya kufa. Kwa mtu ambaye hajapigwa na mionzi, ni homa ya wiki moja. Kwako wewe, seli zitakazokufa ni nyingi kuliko zitakazobaki. Ngozi na utumbo nadhani vitahimili. Uboho hautahimili."

"Kwa hiyo nikizima nakufa, nisipozima nakufa."

"Sijamaliza. Ule uboho niliokutoa siku ulipofikishwa, niliutia Kizimio kwenye chombo, nje ya mwili. Seli mbovu zikafa. Zilizobaki ni safi, Tusajigwe. Nimezipaka rangi, nimezikagua moja moja. Nimezikuza mpaka zimefika kiasi cha kujaza upya uboho wa mtu."

Tusajigwe alimsubiri aendelee. Daktari alikuwa anatazama kile kioo cha upande wa pili, ambako Ambakisye alikuwa amelala ameupa ukuta mgongo.

"Wa mtu mmoja," Dk. Nakiete alisema.

"Mnaweza kunitoa tena."

"Nimejaribu kwenye sampuli iliyofuata. Mwilini mwako zile mbovu zinakimbia kuzaliana, safi zinasongwa. Sipati za kutosha, na nikizilazimisha kukua zaidi zinachoka." Akashusha sauti. "Kaka yako hana uboho tena wa kutegemea. Tumetafuta anayelingana naye kila mahali tunapoweza. Mama yenu ni mzee mno. Anayelingana naye ni wewe peke yako. Nikimpa yeye hizi seli, ana nafasi nzuri. Nikikupa wewe, unaweza kuzima Mshono na kuishi."

"Yeye anajua?"

"Bado. Nitamwambia ukweli wote akiniuliza. Lakini nilitaka kuanza na wewe, kwa sababu seli ni zako."

*

Ambakisye alipata nafuu. Ilikuwa ile nafuu ambayo kila mfanyakazi wa kituo hufundishwa kuiogopa: kutapika kunakoma, hamu ya kula inarudi, mgonjwa anadai nguo zake aende nyumbani, na wakati huohuo chembe za damu zinazidi kupungua bila kuuma popote. Alikuwa ameketi kitandani, mguu umefungwa plasta, anamenya chungwa. Tusajigwe aliruhusiwa kuingia akiwa amevaa barakoa na gauni la hospitali.

"Umenenepa," kaka yake alimwambia.

"Nakula sana."

"Kula. Mimi machungwa ya hapa hayana ladha." Aliweka kipande mdomoni hata hivyo. "Lwitiko alipiga simu. Analia tu. Mwambie asilie, ile taa ya kijani hata mimi niliiamini."

Tusajigwe alikuwa amejiandaa. Tangu asubuhi alikuwa anayarudia maneno kichwani mpaka yakawa laini: wamepata uboho unaokufaa, kaka, upo wa kutosha, wote wawili tutatibiwa. Yalikuwa maneno mepesi. Alijua akiyasema kwa haraka, kaka yake angekubali, sindano ingeingia, na ukweli ungekuja baadaye, wakati hauwezi tena kubadilisha kitu.

"Daktari amekuza seli," alisema. "Kutoka kwenye uboho wangu. Amezisafisha, hazina Mshono. Zinakufaa."

Ambakisye aliacha kutafuna. "Zako?"

"Zangu."

"Na wewe?"

"Mimi pia nitapewa."

"Zinatosha?"

"Zinatosha."

Kaka yake alimtazama muda mrefu. Alikuwa na macho ya baba yao, mapana, yasiyopepesa. Tusajigwe alijitahidi kuyatazama, na akahisi uso wake mwenyewe, chini ya barakoa, ukimsaliti.

"Tusa," Ambakisye alisema taratibu, "nimekulea wewe. Ulipovunja kile chungu cha mama ulinitazama hivihivi. Zinatosha watu wangapi?"

Hakuweza. Alitazama plasta ya mguu wa kaka yake.

"Mmoja," alisema.

Ambakisye aliweka chungwa juu ya meza. Alijifuta vidole kwa shuka, kimoja kimoja.

"Basi umekwishajibiwa," alisema. "Wape wakupe wewe."

"Kaka, utakufa."

"Inawezekana. Nami naogopa, usidhani siogopi. Usingizi sipati. Nikifumba macho nahisi kama bado niko mle ndani, nakimbia na sifiki mlangoni." Alivuta pumzi. "Lakini nilimwona Ikupa. Wewe pia ulimwona. Alikuwa anaomba kufa, na mwili ukawa haumruhusu. Unataka mimi niamke hapa nimepona, halafu nikae nikusubiri wewe ufike pale?"

"Labda nisifike. Daktari hajui ni lini."

"Hajui lini. Hajasema kwamba hutafika."

Tusajigwe aliokota maganda ya chungwa kwenye shuka, akayaweka mezani.

"Mimi zimebaki seli zangu chache," Ambakisye alisema. "Daktari ananiongezea damu, ananipa dawa. Labda hizo chache zitaamka. Watu wamewahi kupona hivyo. Nitazisubiri."

"Nilikuja mle ndani kukutoa. Sikuja ili ufie huku."

"Ulinitoa." Akamshika mkono. "Sikutaka uje, lakini ulikuja, na nilifurahi kukuona, Mungu anisamehe. Nilifurahi sana. Sasa nimesema hapana, na nimesema nikiwa na akili zangu. Usije ukanigeuka nikishindwa kusema."

*

Ilianza kwa ufizi kutoka damu. Kisha homa, kisha mapafu. Ambakisye akaanza kuzungumza na Ikupa kana kwamba yuko naye chumbani, halafu hakuzungumza tena na mtu.

Dk. Nakiete alimkuta Tusajigwe amesimama kwenye kioo, viganja vimebana kwenye ubao wa dirisha.

"Hajitambui," daktari alisema. "Kisheria, sasa anayeweza kutoa idhini kwa niaba yake ni ndugu wa karibu. Mama yenu ameniambia kwa simu kwamba haelewi mambo haya, uamue wewe. Seli ziko tayari. Hazitakaa zaidi ya kesho."

"Ukimpa leo ana nafasi?"

"Si kama ya wiki iliyopita. Lakini anayo."

"Yeye alikataa."

"Najua. Aliniambia na mimi."

"Kwa hiyo huwezi kumpa."

"Alikataa akiwa na nguvu, akitumaini seli zake zitaamka. Hazijaamka. Kuna madaktari watakaokwambia kwamba kukataa kule hakuhusu hali hii. Na kuna watakaokwambia hapana ni hapana." Alionekana amechoka kuliko siku zote. "Mimi nitafuata neno lako. Siwezi kukubebea hili. Samahani."

Aliachwa peke yake. Nyuma ya kioo mashine ilikuwa inampumulia Ambakisye, kifua kinapanda na kushuka kwa mwendo usio wake.

Tusajigwe alijaribu kufikiri kwa utaratibu na akashindwa. Alimwona kaka yake akiamka, akitambua alichofanyiwa, akimtazama kwa macho ya baba. Alimwona Ikupa akigeuzwa kitandani, kisha uso wa Ikupa ukawa wake. Alifikiria zile kromosomu za rangi zilizochanganyika, ambazo zilikuwa zinaongezeka ndani yake hata sasa akiwa amesimama pale, bila sauti, bila maumivu, zikiwa na afya njema. Aliingiwa na hofu kubwa kiasi kwamba ilimbidi akae sakafuni.

Na pale sakafuni akaliona jambo baya kuliko yote. Kumtii Ambakisye na kujiokoa mwenyewe kulikuwa kitendo kimoja. Hakuna njia ya kukifanya kimoja bila kingine. Angesema anamheshimu kaka yake, na ingekuwa kweli. Angesema anataka kuishi, nayo ingekuwa kweli. Asingeweza kamwe kujua ni ipi kati ya hizo mbili iliyouongoza ulimi wake.

Kama kaka yake angekuwa amesema ndiyo, je, angempa? Alitaka kuamini kwamba angempa. Ndani ya chumba cha mionzi hakufikiri, aliingia tu. Sasa alikuwa na muda wa kufikiri, na muda ulimfanya mwoga.

Alisimama, akabonyeza kengele. Dk. Nakiete alirudi.

"Alisema hapana," Tusajigwe alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nipe mimi."

Daktari hakuuliza mara ya pili.

*

Kizimio kiliingia mwilini kama maji ya kawaida. Mpaka jioni hakuna kilichotokea, kisha kikatokea chote. Alitapika mpaka akatapika hewa. Nywele zilibaki kwenye mto. Ngozi ya viganja ilimenyeka. Kila alichokuwa amekisubiri ndani ya gari la wagonjwa kilimjia sasa, kwa pamoja, na katikati ya maumivu aliisikia sauti ya daktari ikimwambia kwamba hivi ndivyo inavyotakiwa, seli zinasikia amri tena, avumilie.

Walipomtia zile seli safi, ulikuwa mfuko mdogo wa majimaji mekundu yaliyofifia. Aliutazama ukiisha tone kwa tone. Alitaka kusema usimamishwe. Hakusema.

Ambakisye alifariki wakati Tusajigwe yuko kwenye homa kali. Hawakumwambia. Siku alipoweza kugeuza shingo, aliona chumba cha pili kimefunguliwa madirisha na kitanda hakina shuka, akaelewa. Alilala akitazama kile kitanda. Machozi yalimchoma mashavu yaliyobabuka.

Seli zilishika. Dk. Nakiete alimletea picha mpya: nyekundu mbili, kijani mbili, njano mbili. "Mshono haupo tena," alimwambia. "Sasa ukiumia utaumia kama mimi." Akaongeza kwamba wafanyakazi wengine wa Kifunda wameanza kuja kuomba Kizimio, Lwitiko akiwa wa kwanza, na kwamba mkurugenzi ameacha kupiga simu kuhusu picha za matangazo.

Alipopewa ruhusa alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, Tukuyu. Msiba ulikuwa umekwisha, waombolezaji wametawanyika, viti vya kukodi vimerudishwa. Mama yake alikuwa ndani, kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Alikuwa amekonda. Alimtazama binti yake, kichwa kisicho na nywele, mikono yenye ngozi mpya ya waridi.

"Ndaga, mama," Tusajigwe alisalimia, akabaki amesimama mlangoni.

"Daktari alinipigia," mama yake alisema. "Alieleza mengi. Mimi nilishika moja tu. Kwamba kulikuwa na dawa ya mtu mmoja."

"Ndiyo, mama."

"Na Ambakisye akasema upewe wewe."

"Ndiyo."

Angeweza kuishia hapo. Kila alichosema kilikuwa kweli, na mama yake alikuwa anakitaka kiwe hivyo tu. Tusajigwe alihisi hofu ileile ya ujia wa zege, ya kutembea mahali pasipo na moto wala moshi.

"Lakini baadaye alipoteza fahamu," alisema. "Uamuzi ukawa wangu. Ningeweza kumpa yeye, mama. Daktari alinipa nafasi hiyo. Sikumpa. Nilimtii, lakini pia nilitaka kuishi. Nilikuwa naogopa. Sijui ni lipi lililonifanya niseme nilivyosema, na sidhani nitakuja kujua."

Nje mtu alikuwa anapasua kuni, akapumzika, akaendelea. Uso wa mama ulikaza, ukalegea, ukakaza tena, na Tusajigwe alisubiri hukumu yake akiwa ameshika fremu ya mlango.

Mwishowe mama alivuta miguu yake. Ilimchukua muda, kwa kuwa magoti yake yalikuwa mabovu. Alijisogeza kando kwenye mkeka, pakabaki nafasi.

"Usisimame hapo," alisema. "Wewe bado mgonjwa."